Kaseti Isiyo na Jina

Kwa zaidi ya miaka 20 ilikaa katika mtoto wa meza yangu, chini ya risiti za umeme na kadi za kliniki za watoto. Ni kaseti ya gemu, ya plastiki ya manjano, ukubwa wake kama kiganja cha mtu mzima, na mahali ambapo kaseti nyingine hubandikwa picha na jina pana mabaki ya gundi tu. Sikuitunza kwa sababu ya thamani. Niliitunza kama vile mtu anavyotunza ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa. Lakini mwaka 2022, kwa siku kama kumi hivi, kaseti hii iligeuka mali ya kugombewa, na mimi nikagundua jambo kuhusu wakusanyaji wa vitu vya kale, na jambo jingine kuhusu nafsi yangu ambalo sikulipenda.

Wasomaji wa rika langu waliokulia Tandika, Mtoni, Manzese ama Tandale hawahitaji kuelezwa kibanda cha gemu ni kitu gani. Kwa wengine nitaeleza kwa ufupi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ilhali wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa Temeke seti ya televisheni haikuwa chombo cha kuletea habari. Ilikuwa chombo cha mikanda ya video, na baadaye cha gemu. Kibanda chetu Tandika kilikuwa cha mabati, na ndani mlikuwa na benchi moja, seti ndogo, na mashine iliyoigizwa kutoka ile ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Mashine ya Nintendo yenyewe hatukuiona hata siku moja. Mashine tuliyoijua ilikuwa feki, kaseti zake feki, na kwa shilingi 50 ulicheza mpaka ufe mara tatu, kisha unampisha mwenzako.

Kaseti moja ilikuwa na maandishi makubwa yaliyodai kwamba ndani yake mna michezo 9,999. Sisi tuliokuwa na muda mwingi kuliko fedha tulianza kuihesabu. Michezo yenyewe haikuzidi vidole vya mikono miwili. Iliyobaki ilikuwa ni hiyo hiyo, imepewa majina mapya: hapa unaanza na maisha matatu, pale unaanza na matano, kule unaanzia hatua ya pili. Hivyo kabla hatujajua kugawanya kwa mafungu tulikuwa tumekwisha kujua kwamba kilichoandikwa juu ya kaseti na kilichomo ndani ni mambo mawili.

Hata hivyo somo hilo halikutuzuia kudanganywa. Mchezo wa Contra una hatua 8. Mwenye kibanda akatangaza kwamba amepata kaseti ya Contra yenye hatua ya tisa, ambayo hata huko ilikotengenezwa haikuuzwa, na kwamba atakayetaka kuiona atalipa shilingi 100. Tulilipa. Kila tulipokaribia mwisho wa hatua ya nane, ama mgawo wa umeme ulitufikia, ama mashine ilipata moto ikahitaji kupumzishwa. Hakuna aliyeiona hatua ya tisa, lakini walikuwapo waliosimulia jinsi ilivyo: mmoja alisema ina bahari, mwingine akaapa kuwa adui wake wa mwisho ana vichwa saba. Sisi wenyewe ndio tuliomjengea mwenye kibanda uongo wake, bure, kwa sababu tulipenda uwe kweli.

Kibanda kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku ya kufunga, mwenyewe alinipa ile kaseti ya manjano na kuniambia, huku akicheka, "Chukua hii, ni ile ya kisiwani. Niliibandua karatasi ili mtu asijue ameshaicheza." Msomaji wangu, ukumbuke maneno hayo. Mimi niliyakumbuka wakati wote, na ndiyo yanayonifanya niandike.

Sasa tuje 2022. Nimehamia Mwananyamala, nina watoto wanaosoma, na jirani yangu ana kijana fundi wa simu ambaye hukusanya mashine za gemu za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Jioni moja alikuja kunitengenezea simu, akaiona kaseti pale mezani nilipokuwa nimemwaga karatasi nikitafuta risiti. "Shikamoo anko," alikuwa amesema alipoingia. Baada ya kuiona kaseti hakusema neno kwa muda. Kisha akaniuliza imetoka wapi, akaipiga picha mbele na nyuma, na kesho yake akarudi na wenzake watatu.

Wanaume wazima walikaa sebuleni kwangu wakipokezana kipande cha plastiki kana kwamba ni kichanga. Nilichokiona kwao nimekisoma baadaye katika visa vya wakusanyaji wa Marekani na Japani, na naamini ni kile kile kila mahali. Mmoja aliamini papo hapo: kaseti haina jina, umbo lake la ajabu, basi bila shaka ni gemu iliyotengenezwa ikafichwa, haikupata kutolewa. Wa pili alikanusha papo hapo, kwa sauti kubwa, na kwa ushahidi ule ule. Wa tatu, ambaye alikuwa na duka Kinondoni na mfuko mzito kuliko wenzake, hakuamini wala hakukanusha. Aliuliza bei. Alitaja laki tatu, na akasema atalipa siku hiyo hiyo, bila hata kuifungua.

Wote wakanigeukia. "Anko, wewe unaijua? Ina gemu gani?"

Ilikuwa Januari, mwezi wa ada na madaftari. Nikasema, "Sikumbuki."

Kabla sijaeleza yaliyofuata, nataka kusimulia kisa kimoja cha kweli, maana kinapima vizuri jambo hili kuliko kaseti yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kijapani iitwayo SETA ilitangaza gemu iliyoitwa Bio Force Ape, ya sokwe anayegeuka kuwa jitu la misuli mfano wa mpiga mieleka. Majarida yaliitaja, picha ikachapwa, halafu gemu ikatoweka. Haikuuzwa. Waliokuwa watoto wakati ule walikua wakiikumbuka ile picha. Mwaka 2005 akajitokeza mtu aliyedai kwamba anayo nakala yake. Wakusanyaji wakapagawa. Akawapa picha moja moja, kidogo kidogo, na kadiri alivyoendelea ndivyo mambo yalivyozidi kuwa ya kioja, hadi wahusika wa gemu wakawa wanazungumza upuuzi kuhusu siagi. Mwishowe ikabainika kuwa yote ni uzushi: picha zilikuwa zimebuniwa, wala kaseti haikuwapo.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa hadithi ya kufundishia watoto kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini mwaka 2010 nakala halisi ya majaribio ilijitokeza katika mnada huko Japani. Safari hii ilinunuliwa, ikafunguliwa, programu yake ikanakiliwa, na baadaye ikatolewa bure ili yeyote mwenye kompyuta aicheze. Gemu ilikuwa kweli, na sokwe alikuwamo. Siagi tu ndiyo haikuwamo.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi. Wasomaji wengi hukichukua kama ushindi wa waumini: mnaona, ilikuwapo! Mimi sikubaliani nao. Walioamini mwaka 2005 hawakuwa wamejua lolote zaidi ya waliokanusha; walibahatisha tu, na kilichowasadikisha kilikuwa uongo, hata kama kitu chenyewe kilikuwapo kwingine. Mtu anaweza kusadiki jambo la kweli kwa sababu mbovu, na sababu hiyo mbovu ndiyo itakayomwangusha safari ijayo. Wakanushaji nao wasijisifu. Kukanusha kila kitu ni rahisi kama kuamini kila kitu, na aghalabu hutokana na uvivu ule ule wa kutopenda kuchunguza. Mwaka 2015 ilipoonyeshwa mashine ya majaribio ambayo kampuni za Nintendo na Sony ziliiandaa pamoja kabla ya kuachana, wapo waliocheka na kusema ni plastiki iliyogundishwa. Ilikuwa imenunuliwa kwa dola 75 katika mnada wa mali za kampuni iliyofilisika. Ikachunguzwa, ikatengenezwa, ikathibitika kuwa halisi, na mwaka 2020 ikauzwa kwa dola 360,000.

Kwa hiyo dai la ugunduzi halipimwi kwa hamu ya wasikilizaji, wala kwa ukali wa wapinzani, wala kwa bei. Hupimwa kwa kufungua, na kazi hiyo ni ya kifundi, haina uchawi. Nakala za majaribio za miaka ile mara nyingi zilitumia chipu zenye kidirisha kidogo cha kioo juu yake. Mwanga wa urujuanimno ukipita katika kidirisha hicho hufuta kilichoandikwa, ndiyo maana mafundi walikiziba kwa kipande cha karatasi chenye gundi, na mara nyingi wakaandika juu yake tarehe kwa kalamu. Mchunguzi hutazama chipu, ubao wa saketi, tarehe, na namba za kiwanda; kisha huinakili programu na kuilinganisha na zile zinazojulikana. Chipu hizo hazidumu milele. Hata zikifungiwa kabatini, chaji zinazobeba maandishi huvuja polepole kwa miongo, na siku moja kitakachobaki ni plastiki na kioo.

Hapo ndipo ninapowalaumu wakusanyaji wa aina moja. Wapo wanaopata nakala pekee ya gemu ambayo haikutolewa, wakaikataa mikono ya mnakilishaji, kwa hoja kwamba ikinakiliwa thamani itashuka. Wanaionyesha picha yake kama mwanamume anayetembea na picha ya gari. Je, wanamiliki nini hasa? Gemu si ganda lake. Gemu ni kile kinachotokea pale mtu anaposhika pedi na kuvuka shimo la kwanza. Aliyeifungia gemu asiichezeshe wala asiinakili anamiliki sanduku, na sanduku lenyewe linaoza. Jumuiya ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha uchunguzi mwaka 2023 uliogundua kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida. Hizo ni zile zilizotolewa. Zile ambazo hazikutolewa zina nani wa kuzitetea kama si huyo huyo aliyezificha?

Kinyume chake tazama Star Fox 2. Ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1990, ikasitishwa ikiwa imekaribia kabisa kutoka, kwa kuwa mashine za wapinzani zilikuwa zimeipita. Nakala za majaribio zikavuja, wapenzi wakazicheza kwa miaka mingi, na mwaka 2017 Nintendo wenyewe wakaitoa rasmi. Kuvuja kule hakukuiua thamani yake. Kuliwafanya watu waiulizie kwa miaka 20.

Najua msomaji wa Kinondoni ama Temeke anaweza kuuliza: hayo ya Wajapani na Wamarekani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika mji huu huu, pale barabara ya Nyerere, kuna mikanda ya iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi kama Nuta Jazz na Western Jazz zilirekodi pale kwa ajili ya kurushwa hewani. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilisikika redioni tu na hazikupata kuuzwa. Ni gemu zetu ambazo hazikutolewa. Mwaka 2012 vijana walianzisha mradi wa kuhimiza mikanda ile ihamishiwe katika mfumo wa kompyuta, na hapo hapo yakaanza yale yale niliyoyaona sebuleni kwangu: wa kuamini kwamba kila mkanda ni dhahabu, wa kudai kwamba hakuna la maana, na wa kuuliza bei. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Magomeni akijigamba kuwa anayo kaseti ya wimbo ambao hata redio hawana. Nilimwomba tuusikilize. Akasema akiutoa utaibwa. Pengine anao, pengine hana. Kwa sisi tulioketi pale hapakuwa na tofauti yoyote.

Narudi sebuleni. Kwa siku tisa sikulala vizuri. Nilijiambia sijadanganya mtu. Nimesema sikumbuki tu, na kutokumbuka si dhambi. Nikajiambia mwenye duka ni mtu mzima, amekubali mwenyewe kununua mbuzi kwenye gunia. Halafu nikajikuta namkumbuka mwenye kibanda wa Tandika na hatua yake ya tisa, na nikaona kwamba yeye alikuwa mwungwana kuliko mimi. Yeye alituambia uongo akiwa anatutazama usoni, na alituacha tucheze. Mimi nilinyamaza nikiwa naijua kaseti, nikawaachia wengine watunge uongo kwa niaba yangu. Kila mzushi wa gemu ambayo haikutolewa anahitaji watu wa namna mbili: anayedai, na anayejua lakini ananyamaza. Wa pili hatajwi kamwe katika visa.

Siku ya kumi nilimwita kijana wa jirani, nikamwambia aje na bisibisi na mashine yake. Mwenye duka naye akaja, hela zikiwa kwenye bahasha. Nikawaeleza yale maneno ya mwenye kibanda, yote, na kwamba niliyakumbuka tangu siku ya kwanza. Kijana alinitazama kwa muda, akasema, "Sawa anko," kisha akafungua skrubu. Ndani hamkuwa na kidirisha cha kioo wala tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Mlikuwa na ubao mdogo wa bei nafuu na tone jeusi la gundi ngumu juu ya chipu, kama zilivyo kaseti feki nyingi za zamani. Tukaichomeka. Ikawaka. Mchezo ulikuwa Adventure Island, ule wa kampuni ya Hudson wa mwaka 1986, wa mtu aliyevaa majani anayerusha mashoka kisiwani. Jina lilikuwa limefutwa na uso wa mchezaji umebadilishwa, basi. Kila mtoto wa Tandika aliucheza.

Aliyeamini alicheka. Aliyekanusha alisema, "Niliwaambia," ingawa alichowaambia ni kwamba kaseti ni tupu. Mwenye duka ndiye aliyenishangaza. Alirudisha bahasha mfukoni, akasimama, akasema kwa uchungu wa kweli, "Mngeiacha tu bila kuifungua."

Nimeyapima maneno yake mara nyingi. Hakulalamika kwamba nimemficha ukweli kwa siku tisa. Alilalamika kwamba hatimaye nimeutoa. Alikuwa tayari kulipa laki tatu ili asijue. Na sidhani kwamba ni mtu mbaya. Ni mtoto wa kibanda kama mimi, na bado anaitafuta hatua ya tisa. Lakini mkusanyaji anayependa kutokujua kuliko kitu chenyewe amekwisha acha kukusanya. Anafuga siri, na siri haiachi kitu kwa atakayekuja nyuma.

Ada niliilipa kwa mkopo wa kazini. Kaseti nilimpa kijana wa jirani, bure, naye akaketi pale pale na mwanangu wa mwisho wakacheza mpaka saa ya chakula. Mtoto alikufa kwenye shimo la kwanza mara sita. Baadaye kijana alikata kipande cha karatasi, akakipaka gundi, akakibandika mahali palipokuwa wazi, na kuandika kwa kalamu ya wino: "Adventure Island. Nakala feki, uso umebadilishwa. Ilitoka Tandika." Kwa ninavyojua, hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya kweli kupata kuandikwa juu ya kaseti yoyote ya kibanda chetu.